Samaki Mwenye Kilemba

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, ni ile ambayo watu wa Bwegera walilia msiba wa mtu ambaye hakuwa amekufa. Wanawake waliweka mikono kichwani, wanaume wakaacha mashamba ya mpunga, jogoo akachinjwa kwa ajili ya waombolezaji. Na aliyewaliza wote hao ni mimi, Mauwa, mtoto wa mvuvi wa Uvira, ambaye wakati huo hata Bwegera sikuwa nimefika. Niliwaliza kwa kadi.

Unacheka. Cheka tu, hata mimi nacheka siku hizi. Lakini ulinijia juzi ukilalamika kwamba wanao wana mioyo migumu, wakipata kitu wanakikumbatia wenyewe, mtu akiumwa nyumba ya pili hawaulizi hali yake. Ukaniuliza: Mama, wema unafundishwaje? Nikakwambia ungoje nipate kukaa vizuri. Sasa nimekaa. Vuta kiti, na hao wajukuu wangu uwaite pia, kama simu zao zitawaruhusu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa msichana mdogo, nimejua kusoma na kuandika, na maringo nilikuwa nayo ya kutosha. Baba alivua ndagala, dagaa wadogo wa ziwa letu, Mama akizianika mchangani na kuziuza. Karibu na soko, nyumba chache kutoka kwetu, aliishi mjane wa Kiislamu tuliyemwita Mama Mwamini. Wazee wake walikuja zamani sana na biashara ya ziwani wakabaki, na yeye aliuza chumvi, sabuni na vitenge kwenye kibanda chake. Sisi tulikuwa watu wa kanisa. Lakini Idi tulikula kwake, Noeli yeye alikula kwetu, na hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kusimulia.

Usimfikirie kama bibi mpole wa kwenye vitabu vyenu. Alikuwa mnene, mwenye haraka, na sauti yake ilisikika soko zima. Alimpenda kila mtu kwa kumgombeza. Kama Mama Mwamini hajakugombeza tangu asubuhi, ulijua una kosa kubwa au hujaonekana.

Uhuru ulituletea furaha, mwanangu, sitakudanganya. Tulicheza barabarani mpaka viatu vikaisha soli. Lakini ulikuja pia na maneno mabaya. Watu wazima walianza kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni, nani wa chama hiki na nani wa chama kile, na watoto wakayaokota maneno hayo kama watoto wanavyookota kila kitu. Siku moja mwanamke wa kutoka bonde la Ruzizi alikuja sokoni na mchele wake, miguu imejaa matope ya shambani. Watoto wa mtaa wetu wakamzomea. Walimwita majina ambayo sitayarudia hapa.

Mama Mwamini alitoka kibandani. Hakumpiga mtu, na hilo lilitutisha zaidi. Alituita wote, wazomeaji na tuliosimama tukitazama, akatukalisha kwenye baraza lake. Alikuwa anakaanga mandazi, nasi tukajidanganya kwamba tutapewa. Tuliletewa vipande vya katoni za sabuni na penseli.

"Ule mama munaona matope ku miguu yake," akasema, "kwabo kule Bwegera iko mama yake mukubwa, jina yake Nyota. Goti inamuuma, hawezi tena kufika ku shamba. Bwana yake alikufa, batoto bake banaikala mbali. Weye Mauwa, banasema unajua kuandika sana. Mwandikie."

"Nimwandikie nini, Mama? Simujui."

"Kama haumujui, si ndiyo utamuuliza?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mama Mwamini alikuwa akiwauliza wanawake wa mchele, huku anawapimia chumvi: kwenu nani anaumwa, nani amebaki peke yake, nani hana wa kumwambia pole? Kila mtoto akapewa mtu wake. Mmoja alipewa mzee wa Sange aliyefiwa na mke. Mwingine alipewa fundi seremala wa Luvungi aliyekatika vidole na msumeno akawa hatoki tena nje kwa aibu. Mimi nikawa na Bibi Nyota wangu wa Bwegera.

Na alikuwa na masharti. La kwanza, usiombe kitu. Siku hizo barua za ndugu zilikuwa ni kuomba mwanzo mpaka mwisho, salamu mstari mmoja na mahitaji ukurasa mzima, na mtu akiona mwandiko wa shemeji yake moyo unamshuka. Sharti lingine ni kwamba umuulize mtu jambo lake mwenyewe, siyo umwambie mambo yako. Halafu alisema jina lake yeye lisiandikwe popote. Tulipomuuliza kwa nini, alitutazama kama tumemuuliza kwa nini ziwa lina maji.

"Wazungu walituandika sana," akasema. "Jina, kabila, kodi. Tuliandikwa mpaka tukachoka. Sasa sisi benyewe tuandikiane. Miye nitafanya nini mule ndani? Muandike bya kwenu."

Mama yangu mzazi hakupendezwa hata kidogo. Aliniona nimeinama juu ya katoni, ulimi umetoka nje kwa bidii, ndagala bado hazijageuzwa juani, akashika kiuno.

"Kumwandikia muntu hata sura yake haujaona! Kesho utawaandikia na mamba ba Ruzizi."

Nikaandika hivyo hivyo. Nikakunja kipande changu kikawa kadi, nikaitia kwenye bahasha nzuri aliyotoa Mama Mwamini, juu nikaandika jina kwa herufi kubwa. Dereva wa lori la mchele akaichukua.

Sasa sikiliza kosa letu, maana hilo kosa lingeweza kufanywa na sisi watu wa pwani ya ziwa tu, tuliokuwa na posta na shule na tukadhani kila mahali ni kama kwetu. Kule bondeni, salamu za kawaida zilibebwa mdomoni. Ukienda Sange unatumwa: msalimie fulani, mwambie tuko wazima. Hakuna aliyejisumbua kuandika kwamba mambo ni mazuri. Karatasi yenye bahasha na jina juu yake ilikuja kwa sababu moja tu, nayo ni kifo. Kwa hiyo yule dereva aliposhuka pale Bwegera, ameinua bahasha nyeupe na kuulizia nyumba ya Bibi Nyota, mwanamke wa kwanza aliyemwona akapiga yowe.

Haya yote tuliyapata siku ya soko iliyofuata, kutoka kwa yule yule mama wa mchele, naye alikuwa anasimulia huku anajifuta machozi ya kicheko. Yowe moja likazaa jingine. Bibi Nyota akakaa chini akaanza kuwataja watoto wake mmoja mmoja, akimuuliza Mungu ni yupi kati yao. Majirani wakaja na mikeka. Katekista, ambaye ndiye aliyejua kusoma, alikuwa shambani ng'ambo ya mfereji, na mpaka anafika jogoo alikwisha chinjwa na maji yako jikoni. Akafungua bahasha. Akasoma:

"Bibi Nyota, jambo sana. Ni miye Mauwa, mutoto wa Uvira. Nimesikia goti inakuuma. Pole sana, Bibi. Siombi kitu. Inauma asubuhi ao mangaribi?"

Bibi Nyota akauliza, "Ni nani alikufa?"

"Hakuna," katekista akasema.

"Soma tena. Iko mahali umeruka."

Akasoma tena. Akageuza nyuma, akatazama ndani ya bahasha, akaitikisa. Hakuna kitu. Hapo Bibi Nyota akainuka, goti na maumivu yake yote, akauliza swali ambalo walilirudia Bwegera kwa miaka mingi: "Basi jogoo yangu imekufa juu ya nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mama wa mchele alikuwa bado hajamaliza. Alikuwa ametumwa neno kwangu, na alilitoa kwa sauti ya Bibi Nyota mwenyewe, kidole kimesimama: "Mwambie ule mutoto, karatasi yake ilitaka kuniua. Muntu mwenye akili, kama hakuna muntu alikufa, anasema hivyo inje ya karatasi, mbele watu hawajalia! Na umwambie goti inauma asubuhi."

Mama Mwamini alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Mimi nilikuwa nalia.

"Unalilia nini?" akaniambia. "Haukusikia? Alijibu!"

Na kweli alikuwa amejibu. Katikati ya hasira yote, na jogoo wake yuko chunguni, mwanamke yule alikuwa amepata mtu wa kumwambia kwamba goti linamuuma asubuhi. Hilo lilinikaa moyoni, mwanangu. Sijui kama nilielewa wakati ule, lakini lilinikaa.

Tukamtii. Kuanzia siku hiyo bahasha tuliziacha, tukakunja kadi zetu wazi, na nje ya kila kadi tukachora samaki mkubwa ili mtu auone hata kabla lori halijasimama. Mwenye huzuni hachori samaki. Kila mtoto akawa na samaki wake. Wangu alikuwa mukeke mnene anayecheka, na kwa kuwa alikuwa anakwenda kwa bibi mwenye heshima zake, nilimfunga kilemba kichwani, fundo limekaa upande kama wanawake wa kanisani. Mama Mwamini alimwangalia sana yule samaki. Akasema nani atalia msiba akiletewa kiumbe kama huyo.

Kadi ya pili haikumliza mtu. Ya tatu ilingojewa. Bibi Nyota hakujua kuandika, basi majibu yake yalikuja mdomoni mwa wanawake wa mchele, na wakati mwingine katekista aliyaweka kwenye karatasi. Nikamjua. Nikajua kwamba mvua ikinyesha goti linamwambia kabla ya mawingu. Nikajua ana mbuzi jike aitwaye Sitosheki, aliyekula pindo la kitenge chake cha Pasaka na siku ya pili akala kilichobaki. Nikawa nauliza habari za Sitosheki kabla ya habari za goti, mpaka Bibi akatuma kunikumbusha kwamba mwenye kuumwa ni yeye.

Ikafika mahali nikila samaki mzuri najiuliza kama Bibi Nyota amekula. Hakuna aliyenifundisha kujiuliza hivyo. Swali lilikuja lenyewe, kwa sababu huwezi kumuuliza mtu hali yake kila mwezi halafu usimjali. Hata Mama yangu, yule wa mamba, siku moja alinirushia mfuko wa ndagala kavu. Akasema niupeleke pamoja na kadi, nisije nikamtumia mwanamke mzima karatasi tupu kama mtu asiye na wazazi.

Halafu uasi ukaja.

Sitakusimulia vita, mwanangu. Walioipenda vita na waisimulie. Nitakwambia tu kwamba asubuhi moja risasi zilianza kulia milimani juu ya mji. Baba alikuwa ng'ambo ya ziwa na mtumbwi wake, na ziwa likawa halipitiki tena. Njia ya kusini ilikuwa imefungwa. Ilibaki barabara ya kaskazini, ya bondeni, na kila mtu alikuwa anakimbilia kwa ndugu yake. Mama alisimama katikati ya nyumba, mdogo wangu Bahati mgongoni, sufuria mkononi, akazunguka kama aliyepoteza kitu. Ndugu zake wote walikuwa kusini.

"Tutaenda kwa nani?" akasema. "Kule juu hatujui muntu."

"Miye namujua muntu," nikasema.

Alinitazama. Nadhani alitaka kunipiga, halafu akaona hana jibu jingine.

"Haujamuona hata siku moja."

"Lakini Mama, ananijua."

Tukatoka. Barabarani tulikuta watu wa mtaa wetu wengi, na Mama Mwamini akiwa na kibunda chake cha vitenge kichwani, akimgombeza kila aliyechoka. Tulilala vichakani, tukala mihogo mibichi. Sange hatukusimama, palikuwa na hofu kuliko kwetu. Tukaendelea mpaka tukaanza kuona mifereji ya mpunga, na mbele yetu mwanzi mrefu umelazwa juu ya mapipa mawili. Ilikuwa bariyeri ya vijana wa Bwegera.

Usiwalaumu vijana wale. Wageni walikuwa wamepita pale wakisema ni wakimbizi, kumbe ni wapelelezi wa upande huu au wa upande ule, na nyumba zikachomwa. Kwa hiyo waliweka sheria yao: anayejulikana na mtu wa kijiji anapita, asiyejulikana anarudi alikotoka. Na tulikotoka, mwanangu, moshi ulikuwa bado unaonekana. Mkubwa wao alikuwa amevaa kofia ya askari iliyomfunika masikio, ana mkuki, na macho yake hayakuwa yamelala usingizi kwa muda. Aliwageuza watu waliokuwa mbele yetu, mke na mume na mtoto mchanga. Nikawaona wanakaa chini kando ya barabara kwa sababu hawakuwa na pa kurudi.

"Nani anabajua hapa?" akatuuliza.

Nikasema mimi: "Bibi Nyota."

"Bibi Nyota ana bajukuu bake, nabajua bote. Weye si mujukuu yake."

"Mumwite," nikasema.

Wakamwita. Akaja polepole, mwanamke mwembamba mrefu, ameegemea fimbo. Nilikuwa nimemchora kichwani mfupi na mnene, sijui kwa nini, na kwa dakika moja na mimi sikumjua. Akatutazama mmoja mmoja. Matope, majani nywelini, sufuria. Akamtazama Mama, akamtazama Bahati, akanitazama mimi. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Batoto bangu, sibajui hawa bantu," akasema. "Banisamehe. Sijawaona hata siku moja."

Mama akanishika mkono kwa nguvu, na kijana akaelekeza mkuki wake barabarani tulikotoka. Nilitaka kusema jina langu lakini nililia badala ya kusema. Basi nikapiga magoti pale pale mbele ya mwanzi, na kwa kidole nikachora vumbini. Nikachora tumbo nene. Nikachora mkia, jicho, mdomo unaocheka. Nikachora kilemba, na fundo limekaa upande.

Bibi Nyota akainama juu ya fimbo yake. Halafu akauliza kwa sauti ndogo sana, "Mauwa?"

"Bibi," nikasema, "Sitosheki ingali inakula nguo?"

Mwanangu, ungemsikia mwanamke yule! Alipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka mpungani. Fimbo aliitupa, goti akalisahau, akapita chini ya mwanzi kama msichana na kunikumbatia hapo hapo vumbini. "Ni mujukuu yangu!" alikuwa anapiga kelele. "Ni ule mutoto wa karatasi! Ni ule aliniulia jogoo!" Na watu waliokuwa wametoka kutazama, wote walioilia ile kadi ya kwanza, wakaanza kucheka na kulia pamoja. Katekista akaja mbio akimwambia kila mtu kwamba yeye ndiye aliyesoma.

Yule kijana wa kofia akaupandisha mwanzi. Mama akapita na Bahati mgongoni. Mimi nikageuka, nikawaona watoto wa baraza la Mama Mwamini bado wako nyuma na wazazi wao, nikawapigia kelele: "Museme batu benu!"

Na wakasema. Mtoto mmoja akataja jina la ajuza aliyekuwa akimwandikia hapo hapo Bwegera, na ajuza mwenyewe akajitokeza nyuma ya watu, mkono juu. Mwingine akamtaja seremala wa Luvungi, na mwanamke mmoja akasema ni kaka yake, tangu aanze kupata kadi amerudi kufanya kazi kwa vidole vilivyobaki. Wakachora samaki zao vumbini. Barabara yote mbele ya ule mwanzi ikajaa samaki. Kila aliyetajwa, au ndugu yake, akasema, huyu ni wangu, apite. Ndipo Bibi Nyota akawaona wale waliokaa kando ya barabara na mtoto wao mchanga.

"Na hawa?" kijana akauliza. "Hawa hawana muntu."

"Banatoka Uvira?" akauliza Bibi Nyota. "Basi banajuana na Mauwa. Bapite."

Sikuwa nawajua hata kidogo. Nikasema nawajua.

Mwishowe alibaki mtu mmoja nje. Alikuwa ameketi juu ya kibunda chake cha vitenge, amejifunga ushungi vizuri, mara ya kwanza maishani mwangu nilipomwona amenyamaza. Alikuwa ametuma kadi bonde zima, na hakuna hata moja iliyobeba jina lake.

"Na weye, mama," kijana akauliza, tena kwa adabu sasa, "nani anakujua hapa?"

"Hakuna," akasema Mama Mwamini. "Nitaikala hapa inje. Hapana shida."

Watoto wote tulipiga kelele pamoja, hakuna aliyesikika. Bibi Nyota akatunyamazisha, akaniuliza mimi taratibu. Nikamwambia: huyu ndiye aliyetupa katoni na penseli, huyu ndiye aliyesema tukuulize goti, huyu ndiye aliyesema tusiombe kitu.

Bibi Nyota akaokota fimbo yake. Akamwendea mpaka akasimama mbele yake, mmoja mrefu mwembamba, mwingine mfupi mnene. Wakatazamana.

"Ni weye uliwatuma?"

"Ni miye."

"Natafuta ule muntu tangu jogoo yangu ikufe," akasema Bibi Nyota. Akamshika mkono, akamwinua. "Apite. Analala kwangu. Nataka nimugombeze vizuri, na hiyo si kazi ya siku moja."

Alimgombeza mpaka vita ilipokwisha. Tulikaa nyumba moja, Wakristo na Mwislamu, watu wa ziwa na watu wa bonde, na mbuzi aliyekula pindo la ushungi wa Mama Mwamini kabla wiki haijaisha. Baba aliporudi Uvira na kukuta nyumba tupu, hakuuliza mtu. Alikuwa amesikia jina la Bibi Nyota mezani kwake siku nyingi mno, akatembea moja kwa moja mpaka Bwegera. Alitukuta tunapalilia mpunga.

Nilikwisha kusema sitakusimulia vita, wala siisifu. Lakini naisifu siku ile, na nitaisifu mpaka nizikwe. Watu wenye mikuki waliuliza nani anakujua, na sisi watoto tukawa na jibu.

Basi hili ndilo jibu lako, mwanangu. Usiwaambie wanao wawe wema, hilo neno ni kubwa, halishikiki. Wape kila mmoja mtu wake. Awe mtu asiye na zawadi ya kuwarudishia, anayeishi mbali kidogo na mazoea yao. Wamwandikie kwa mkono wao, hata kama herufi zinalala. Wasiombe kitu. Wamuulize jambo moja la kwake, goti au mbuzi, na jibu likija walikumbuke, ili kadi ya pili iulize tena. Wakikosea, kama nilivyokosea mimi nikaua jogoo wa watu, usiwanyang'anye penseli. Waonyeshe tu pa kuchora samaki. Na wewe mwenyewe usijiweke ndani ya kadi yao. Siku moja watakutaja bila kuambiwa.

Nenda sasa ukatafute katoni, nyumba hii haina uhaba wa katoni. Mungu aliyewafungulia watoto njia ya Bwegera awafungulie na hawa wako. Popote watakapofika wamechoka na miguu imejaa matope, atokee mtu wa kusema, huyu ni wangu, apite. Na magoti yako, mwanangu, yasikuume asubuhi wala mangaribi, na yakikuuma asikosekane wa kukuuliza.